Spika Mbili Zisizouzwa

Watu walimwita Mama Spika, na yeye hakukataa. Jina la kupewa na wateja ni tangazo la bure, alisema, na cha bure hakirudishwi. Alianza na spika mbili na amplifaya moja. Sasa alikuwa na ghala zima la vyombo, gari la kuvibebea, na simu isiyojua kunyamaza. Harusi, mahafali, mikutano, misiba, popote palipotakiwa sauti, yeye ndiye aliyeileta. Bei yake iliwauma watu. Lakini ukishamlipa ulilala usingizi, maana kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kuona spika ya Mama Spika ikikata sauti au kupiga yowe mbele za watu.

Kuhusu kazi alikuwa na kanuni moja tu: maneno hayamhusu. "Mimi ni gari," alipenda kusema. "Gari haliulizi gunia lina nini." Akivaa visikilizio vyake masikioni, kilichomfikia ni sauti tupu. Je, besi inavuma? Je, herufi zinachoma? Siku moja alitoka kwenye mkutano wa saa tatu, kaka yake akamwuliza mgeni rasmi alizungumzia nini. Akafikiri kidogo, akajibu, "Alikuwa na mafua."

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi redio ilikuwa inatoka studio na kurusha kipindi moja kwa moja kutoka ukumbi wa viti mia mbili karibu na soko. Bendi inapiga, mwandishi anasoma ukurasa wa kitabu chake, kisha wasikilizaji wanapiga simu. Kila neno linakwenda hewani papo hapo, na linarekodiwa lirudiwe Jumatano asubuhi. Kazi ya vyombo ilikuwa ya Mama Spika tangu kipindi kianze, na gitaa la bendi lilikuwa la kaka yake. Watu walisema ile familia imeshika kipindi mbele na nyuma.

Jumamosi hiyo alifika mapema. Alifunga feni kwa kamba kwa sababu ilikuwa inapiga kelele kama kuku anayetaga, akapanga stendi, akatandaza nyaya. Mwisho akaweka pembeni mwa jukwaa zile spika zake mbili za kwanza, za kijivu, kuukuu zote mbili. Angeweza kuzitupa miaka mingi iliyopita. Hakuzitupa, wala hakuzikodisha kwa mtu, na kila kazi zilikwenda naye.

Mwandishi aliingia adhuhuri, peke yake. Mzee mfupi mwenye upara, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Badala ya kwenda kwenye maikrofoni alikwenda kwenye zile spika, akaizunguka moja, akainama, akapitisha kidole juu ya alama nyeusi kwenye ubao.

"Hizi ni za zamani sana, mama."

"Uzamani wake ndio dhahabu yake. Na haziuzwi, usijisumbue kuuliza."

"Hii alama..."

"Ya pasi. Nilizikuta nayo."

"Najua," mzee akasema polepole.

Mtu mwingine angeuliza amejuaje. Mama Spika alikuwa na nyaya tisa ambazo hazijaunganishwa. "Panda jukwaani, mzee wangu, nikupime sauti. Kaka yangu akirudi na nyuzi zake mpya tutakosa nafasi."

Mzee akapanda, akatoa karatasi. "Nitakusomea ukurasa wenyewe, wote. Ukiona haufai, niambie. Ninao mwingine mfukoni."

"Soma tu."

Akasoma. Kila mistari miwili aliinua macho kumtazama, na yeye alikuwa anatazama taa za miksa. Alisikia pengo la jino linapuliza filimbi kwenye kila s. Akasogeza maikrofoni vidole viwili pembeni, akapunguza ukali, na hapo kifua cha mzee kikatoka kizito, kizuri, kama mlango wa mbao ngumu. Alifurahi. Sauti za namna ile siku hizi ni za kutafuta.

Mzee alimaliza, akabaki ameshika karatasi. Ilikuwa inatetemeka mkononi. Woga wa jukwaa, Mama Spika akajisemea, akamwinulia dole gumba.

"Una hakika?" mzee akauliza. "Ninao mwingine hapa."

"Mzee, ukibadilisha ukurasa nakudai upya. Huo huo!"

Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Saa kumi juu ya alama, taa nyekundu ikawaka. Viti vilijaa, wengine wamesimama ukutani. Mtangazaji alikuwa binti mwenye sauti ya asali na pua ya paka: panapo habari, atafika. Bendi ikapiga wimbo wa kufungulia, na kama desturi, Kaka akaegemea maikrofoni yake kabla ya makofi kuisha.

"Gitaa hili," akasema, "nilinunuliwa na mdogo wangu, yule pale kwenye miksa. La kwanza liliibwa nikiwa kijana. Mwizi alidhani amenimaliza. Hakujua kwamba nina ndugu!"

Makofi. Mama Spika akapunga mkono. Alikuwa amezisikia sifa hizo kila mwezi kwa miaka, na kila mara zilimpita kooni kama mwiba wa samaki. Mwiba ukikaa sana, koo linauzoea.

Kisha mwandishi akakaa kwenye kiti chake, hatua nne kutoka kwa Kaka, naye Kaka akaanza kumpigia gitaa la chini chini, kama zulia la kukanyagia maneno. Mama Spika akasawazisha. Namba moja gitaa, namba tatu mwandishi. Vijiti viwili vya miksa chini ya vidole viwili, na maneno yakawa yanapita juu ya kichwa chake kama siku zote.

Neno lililopenya lilikuwa "pasi".

"...mojawapo nilikuwa nimeiunguza kwa pasi," mwandishi alisoma. "Nilikuwa mwalimu kijana, nimejaribu biashara ya kukodisha spika, imenishinda. Asubuhi moja msichana wa miaka kumi na tisa akabisha mlangoni, amebeba gitaa limeviringishwa shuka. Hakutaka fedha. Alitaka spika zote mbili. Nikamwambia gitaa lile ni sawa na spika moja. Akaniambia, 'Mwalimu, spika moja ni jicho moja. Ukimpa mtu jicho moja, umemsaidia au umemtania?'"

Ukumbi ukacheka.

Mama Spika hakucheka. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema mara moja tu maishani, kwenye mlango wa mwalimu mwembamba mwenye nywele nyingi kama kichaka. Akamtazama mzee mwenye upara. Akamtazama tena.

"Nilimpa zote mbili," mwandishi akaendelea, "na kabla sijajijua nikawa nimempa na amplifaya juu. Nilipomwuliza gitaa ni la nani, akasema la marehemu baba yake. Alipoondoka nililigeuza. Nyuma ya shingo mtu alikuwa amechonga nyota kwa msumari. Ilikuwa na pembe nne tu, kama aliyeichonga aliitwa kabla hajamaliza."

Gitaa la Kaka likanyamaza.

Hakuna aliyeligundua haraka kama Mama Spika. Taa ya namba moja ilicheza, ikasinyaa, ikazima. Alipoinua macho, Kaka alikuwa amekaa vilevile, mkono juu ya nyuzi, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Ile nyota aliichonga yeye. Na aliitwa kweli, na mama yao, akachote maji. Pembe ya tano haikupatikana tena.

Baba yao siku ile alikuwa hai na anakunywa chai. Gitaa lilikuwa la Kaka, alilolipata kwa kubeba magunia miaka miwili. Binti wa miaka kumi na tisa alikuwa amekwenda naye kwenye sherehe nyingi na kuona jambo ambalo Kaka hakuliona: mpiga gitaa alilipwa mwisho, kama kuna kilichobaki. Mwenye spika alilipwa kabla hajashusha nyaya. Akaamua. Alijiambia atamnunulia lingine upesi. Upesi huo ulichukua miaka sita. Katika miaka hiyo bendi ya Kaka ilikwenda kurekodi santuri na mpiga gitaa mwingine, na Kaka akabaki anasukuma mkokoteni.

Na kulikuwa na fundi viatu, mpangaji wa chumba cha uani. Nyumbani kikipotea kitu, mgeni ndiye mwizi. Mama yao alimfukuza siku ileile. Kaka ndiye aliyemtupia vyombo vyake barabarani, nyundo moja baada ya nyingine. Spika, binti alisema alipewa kwa mkopo na mtu mwema.

Siku za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa zimevuka elfu kumi na moja, akadhani hesabu imefutwa.

Kidole chake kilikuwa juu ya kijiti namba tatu. Akikishusha, nchi nzima itasikia kimya, na yeye atasema waya umekatika. Nani atabisha? Mtu ambaye vyombo vyake havijawahi kukosea ana haki ya kukosea mara moja. Akakishusha kidogo. Sauti ya mwandishi ikafifia kwenye spika, lakini pale jukwaani mzee alikuwa bado anasoma kwa kifua chake kizito, na Kaka alikuwa hatua nne tu kutoka kwake. Kaka hakuhitaji spika.

Hapo akili yake ya sokoni ikaamka, hata katika mshtuko ule. Ninanunua nini hapa? akajiuliza. Nauza jina langu la miaka thelathini na moja, nanunua kimya wakati Kaka keshasikia yote. Biashara gani hiyo? Akarudisha kijiti mahali pake. Mkono ulikuwa unatetemeka kama karatasi ya mzee mchana.

Karatasi ya mzee! Alikuwa amesomewa. Ukurasa wote, neno kwa neno, na mwenye ukurasa akimtazama usoni. Naye akainua dole. Naye akasema, "Huo huo!"

Mwandishi akamaliza. Ukumbi ukapiga makofi, isipokuwa watu wa mbele ambao walikuwa wameona uso wa Kaka. Pua ya mtangazaji ikacheza.

"Mzee, umetutoa jasho. Na huyo binti, umewahi kujua alikoishia?"

"Nimejua leo," mwandishi akasema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kweli. "Nimeingia humu nikaona spika zangu, na alama yangu ya pasi. Nilimsomea ukurasa huu mchana, nikamwomba ruhusa, akaniruhusu. Watu wenye moyo wa namna hiyo hawajazi kiganja. Yule pale. Ndiye anayefanya mnisikie."

Vichwa mia mbili vikageuka kwa pamoja. Mama Spika alisikia viti vikilia.

Mtangazaji alikuwa ameshashuka jukwaani, maikrofoni ya mkononi mbele kama mwenge. Alipofika akainama, akanong'ona, "Mama, fungua namba tano."

Namba tano ilikuwa imefungwa. Hakuna mtu mwingine ukumbini aliyejua kuifungua. Katika maisha yake yote aliwafungulia mawaziri, wachumba, wachungaji na walevi, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema hata "haloo" zaidi ya kupima. Alitazama jukwaani. Kaka alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja aambiwe kwamba ni utani.

Akafungua namba tano.

"Ni mimi," akasema.

Alikuwa amesimama mbele ya spika, kosa ambalo huwakaripia hata watoto wa shule wakilifanya. Spika ikapiga yowe refu, kali, la kupasua meno. Watu wakaziba masikio. Yowe la kwanza katika miaka thelathini na moja. Akapiga hatua mbili kando, likakoma.

"Kaka, gitaa lako nililichukua mimi. Fundi viatu hakulichukua."

Kaka hakusogea. Alipoongea, maikrofoni yake ilikuwa wazi, na sauti ilitoka kavu kama gome.

"Ulipewa nini?"

"Spika mbili na amplifaya."

"Gitaa lile?" Akatikisa kichwa. "Ulipunjwa."

Watu wakacheka, kwa sababu walitaka sana kucheka. Kaka hakucheka, na kicheko kikafa katikati kama moto wa makaratasi.

"Miaka yote hii nakusifu redioni," akasema. "Kila mwezi. Na wewe unapunga mkono."

Mdomo uliowahi kumtoa mwalimu spika mbili na amplifaya juu, leo ulikuwa mkavu.

"Na fundi viatu," Kaka akaendelea, sasa kama anaongea na nyuzi zake, "nyundo zake nilizitupa mimi. Kwa mkono huu huu. Nilikuwa naona raha."

Taa ya namba nane ikaanza kuwaka na kuzima. Namba nane ilikuwa simu ya wasikilizaji. Muda wa simu ulikuwa bado, lakini mtangazaji aliitikia kwa kichwa haraka haraka: fungua, fungua. Akafungua.

"Haloo? Nasikika?" Sauti ya mwanamke.

"Unasikika, dada," mtangazaji akasema.

"Niko nyumbani na baba. Baba yangu alikuwa fundi viatu. Alipanga chumba cha uani, nyumba yenye mlango wa buluu. Mnamsema yeye?"

Kamba ya feni ilisikika ikikwaruza. Kaka akasema, "Ndiye."

"Sasa, baba masikio yake mazito. Amesikia kidogo, hajasikia vizuri. Anamwomba huyo mama arudie. Kwa sauti, tafadhali."

Mtu angeweza kulia hapo. Mama Spika alifanya anachokijua. Akasogea mbali na spika, akanyoosha mkono, akapandisha namba tano mpaka taa yake ikagusa nyekundu. Akavuta pumzi.

"Gitaa nililichukua mimi! Wewe hukulichukua! Ulipotolewa nje nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilinyamaza!"

Neno la mwisho hakulisema mara ya kwanza. Lilikwenda ukutani, likarudi. Kwenye simu zikasikika kelele za kiti kinachosogezwa, kisha pumzi za mzee, karibu sana na mdomo wa simu.

"Sasa nimesikia," mzee akasema. "Nani mwingine yupo hapo?"

Kaka alikuwa ameshuka jukwaani. Alisimama kando ya dada yake, si karibu sana, akainamia maikrofoni. "Mimi, mzee. Niliyekutupia vyombo."

"Wewe nilikuona. Sijakusahau. Huyu ndiye sikumwona." Akakohoa. "Nyundo yangu ndogo haikupatikana. Niliitafuta mtaroni mpaka jua likazama. Njooni kesho saa nne, wote wawili. Mje nayo."

"Mzee, ile nyundo sasa..."

"Nimesema mje nayo." Simu ikakatwa.

Kwa muda ambao baadaye redio ililalamika kwamba ulifika sekunde kumi na moja, hakuna kilichokwenda hewani. Mtangazaji alikuwa ameshika kinywa. Kisha mpiga ngoma, kwa sababu mtu alipaswa kufanya kitu, akagonga vijiti mara nne, na bendi ikaingia kwenye wimbo bila gitaa.

Ukumbi ulipoisha watu, Mama Spika alikuwa anakunja nyaya. Mwandishi akaja, amekauka uso. Alikuwa ameelewa nusu, na hiyo nusu ilimtosha.

"Mama, mimi nilikusomea. Nilikuuliza mara mbili. Ulisema huo huo."

"Ulinisomea, mwalimu."

"Sasa ulikuwa unasikiliza nini?"

"S zako," akasema. "Una pengo. Zilikuwa zinapiga filimbi."

Mzee akatafuta pa kukaa, akakalia kasha la nyaya, akaishika miwani yake kwa mikono miwili.

Kaka alitoka nyuma ya pazia na gitaa lake mgongoni. Kila mwezi alisaidia kupakia, kisha wakarudi pamoja kwenye gari. Leo alipita mbele ya gari asilitazame, akarudi ndani, akaenda kwenye zile spika za kijivu. Akaichagua yenye alama ya pasi. Akaiinua kwa nguvu, akaiegemeza kifuani.

"Hii ni yangu," akasema.

Mama Spika akafungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, limekaa ulimini tangu akiwa na miaka kumi na tisa: spika moja ni jicho moja. Kaka alisimama akilisubiri.

Akafunga mdomo.

"Kesho saa nne," Kaka akasema akielekea mlangoni, spika ikimficha uso. "Na nyundo unanunua wewe."

Hakuomba apunguziwe.